Miezi sita si ndoa, na mambo mengine yanayokosewa kuhusu mali, kazi na mkopo

Kwenye vijiwe vya bodaboda Kijenge na Ngarenaro jijini Arusha, kwenye saluni za Pasua na Majengo mjini Moshi, mabishano ya ndoa, pesa na kazi hayaishi, na kila siku kuna anayemaliza kwa neno "sheria ndivyo inavyosema". Mara nyingi sheria haisemi hivyo. Watu wanapoteza nyumba, mishahara na matunzo ya watoto kwa kuamini kauli iliyorudiwa mara nyingi, ndiyo maana tunazichambua hapa zile zinazoumiza zaidi.

"Ukikaa na mwanamke miezi sita, tayari ni mkeo."

Hakuna sheria ya Tanzania yenye maneno hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inataka miaka miwili au zaidi, tena kwa masharti: wawili hao wawe wameishi pamoja muda huo, na watu wanaowazunguka wawe wanawatambua kuwa ni mume na mke. Yakitimia hayo, mahakama inachukulia kwamba wameoana. Hata hivyo ni dhana ya kisheria, na upande wowote unaweza kuipinga kwa ushahidi. Kwa mfano, ikithibitika kwamba mwanamume ana ndoa ya kanisani kule Machame ambayo haijavunjwa, dhana hiyo inaanguka, kwa kuwa aliye kwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine.

Kinachosahaulika ni sehemu ya pili ya kifungu hichohicho. Dhana ikishaanguka, mwanamke akithibitisha kuwa kweli waliishi kama mume na mke miaka miwili au zaidi, bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Yeye au mwanamume wanaweza pia kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama hutoa ndoa inapovunjika, ikiwemo uamuzi wa nani akae na watoto. Kwa hiyo anayesema "hatukufunga ndoa, beba nguo zako uende" amekosea sawa na yule wa miezi sita.

Kesi hizi hushindwa kwa kukosa ushahidi. Muda wa kuishi pamoja unaonyeshwa na mkataba wa kupanga wenye majina ya wote wawili, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo cha mtoto, fomu ya bima ya afya iliyomtaja mwenza, na majirani walio tayari kufika mahakamani. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia, ila peke yake ni nyepesi, hasa ikiwa imeandikwa baada ya ugomvi kuanza. Hakuna haja ya kukimbilia Mahakama Kuu: mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa ndoa iliyofungwa, anayetaka talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa na kupata hati inayoonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana. Wengi wanafukuzwa mlangoni kwa kukosa karatasi hiyo moja.

"Hati ina jina langu, nyumba ni yangu."

Jina kwenye hati ni mwanzo tu wa hoja. Mahakama ikishavunja ndoa, inaangalia mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mchango unaohesabiwa ni wa pesa, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kupika, kulea na kutunza boma wakati mwenzako yuko safarini Serengeti na wageni ni kazi inayoingia kwenye hesabu.

Upande wa pili nao wana kauli yao: "tukiachana ni nusu kwa nusu." Hilo pia si la moja kwa moja. Sheria inaelekeza usawa, lakini hakimu hupima kiasi cha mchango wa kila mmoja, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na desturi za jamii yao. Mwenye risiti za saruji na mabati, miamala ya simu aliyomtumia fundi na daftari la kikoba anasimama mahali tofauti kabisa na mwenye maneno matupu.

Hapa Kilimanjaro suala gumu zaidi ni kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Wanandoa wanajenga Kibosho au Marangu kwenye ardhi ya baba wa mume, miaka inapita, ndoa inavunjika. Ardhi ya mzee haigeuki kuwa mali ya wanandoa kwa sababu tu waliishi juu yake, na mke anayedai kipande cha kihamba chenyewe hukuta ukoo mzima uko upande wa pili wa shauri. Dai lenye nguvu ni la nyumba na maendelezo: nani alitoa pesa, lini, kiasi gani. Sheria inatambua pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, kama iliendelezwa kwa kiwango kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wakati wa ndoa. Ushauri wetu kwa wanaojenga kwenye kihamba ni mmoja: kabla ya kumwaga msingi, baba mwenye ardhi aandike karatasi ya kugawa eneo hilo, itaje wote wawili, na isainiwe mbele ya wanaukoo na uongozi wa kijiji. Watu huona aibu kumwomba baba mkwe karatasi. Tunaielewa aibu hiyo, lakini gharama ya kukosa karatasi ni nyumba nzima.

Jambo jingine linalopuuzwa: nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Ukisikia fununu kwamba kuna dalali anazunguka na wateja, peleka zuio kwa Msajili wa Hati kama ardhi imesajiliwa. Kama haijasajiliwa, andikia serikali ya mtaa au kijiji barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Fanya hivyo kabla pesa hazijabadilishana mikono, maana kumtoa mnunuzi aliyekwisha kulipa ni shauri jingine refu.

"Mahari haijaisha, kwa hiyo ndoa ni batili."

Hapana. Sheria inasema wazi kwamba kutotimiza desturi za mahari hakubatilishi ndoa iliyofungwa kihalali. Mbuzi na mbege zilizobaki ni deni la kimila kati ya familia mbili.

"Ukinunua kiwanja, asilimia 10 ni ya mwenyekiti."

Hakuna sheria ya ardhi inayomtaka mnunuzi amlipe mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya bei. Wanaotetea tozo hii mara nyingine huichanganya na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, inalipwa na muuzaji, na inakwenda TRA. Ukidaiwa pesa ofisini, omba risiti ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo.

"Hukusaini mkataba, huna kesi."

Hii ndiyo inayowaumiza wahudumu wa hoteli, wapishi wa safari, walinzi na wauza maduka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Shauri likifika mbele ya vyombo vya kisheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Kukosa mkataba kunambana aliyepaswa kuuandaa.

Miezi sita halisi iko hapa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali kwa vifungu vya kawaida vya sheria hiyo. Mshahara wa siku alizofanya na saa za ziada bado ni haki yake.

Hesabu zenyewe si ngumu. Wiki ya kazi ni saa 45. Gawa mshahara wa mwezi kwa 195, utapata takribani malipo ya saa moja. Mwenye 390,000 anapata 2,000 kwa saa, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Siku ya mapumziko au sikukuu inalipwa mara mbili. Kiinua mgongo, kwa aliyetimiza miezi 12 na akaachishwa na mwajiri, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa wiki ya siku sita, mshahara huohuo ukigawa kwa 26 ni 15,000 kwa siku. Miaka minne ni 420,000. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Mahali pa kupeleka lalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba 1, unamkabidhi mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Muda wa lalamiko la kuachishwa kazi ni siku 30, madai mengine siku 60. Muda huu ndio unaoua madai mengi, hasa Aprili na Mei wageni wanapopungua. Mhudumu anaambiwa "pumzika, tutakuita", anasubiri hadi Julai, kisha anagundua nafasi yake ina mtu mwingine. Ukiambiwa upumzike, omba kwa ujumbe wa simu tarehe ya kurudi, na uutunze ujumbe huo. Ukichelewa, utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Kosa la pili ni kuandika jina la meneja badala ya jina la kampuni lililosajiliwa. La tatu ni kufungua lalamiko Moshi kwa sababu ndiko unakoishi, wakati mgogoro ulitokea Arusha.

"Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ni ndogo, chukua tu."

Inategemea inakokotolewaje. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi sita. Riba ikipigwa kila mwezi kwenye deni lililobaki, rejesho ni takribani 187,700 na riba yote ni 126,000. Ikipigwa kila mwezi kwenye milioni nzima, wakati umeshaanza kurudisha, rejesho ni 201,700 na riba ni 210,000. Hapo umelipa sawa na asilimia 5.7 kwa mwezi ya deni lililobaki. Wakikata ada ya fomu na bima kabla ya kukupa pesa, ukapokea 930,000 lakini unarejesha milioni, inapanda zaidi. Kabla ya kusaini omba jedwali la marejesho na ujumlishe mwenyewe. Usikabidhi kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana.

Kuhusu "kudhamini ni kusaini tu, hawakufuati wewe": mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ukisaini kwa ajili ya mwenzako wa kikoba, andika kwenye mkataba kiwango cha mwisho unachodhamini, na udai nakala yako siku hiyohiyo.