Mgomo wa Walimu na Usalama wa Shule: Siku Saba za Kujiandaa

Chama cha KUPPET kilipoanza mgomo wa walimu wa sekondari nchini Kenya tarehe 26 Agosti 2024, siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kufungua muhula wa tatu, na wanafunzi walifika wakiwa na masanduku yao katika shule zisizokuwa na walimu madarasani. Haki ya kugoma imewekwa katika Kifungu cha 41 cha Katiba, na makala hii haiitilii shaka. Kinachotushughulisha ni nani anayebaki na watoto.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka ilani ya siku saba itolewe kabla ya mgomo. Siku hizo shule nyingi huzitumia kusubiri habari za mazungumzo, ilhali ndizo ambazo bodi ya usimamizi inapaswa kukutana na kuamua, kwa maandishi, ni watu wazima wangapi watakaokuwapo mchana na wangapi watakaolala shuleni. Idadi hiyo ikiwa haitoshi, wanafunzi warudishwe nyumbani mapema, mchana, wazazi wakiwa wamearifiwa kwa simu. Kuwafungulia lango jioni bila nauli ni kuwahamishia hatari barabarani.

Hatari kubwa zaidi iko bwenini usiku. Mwalimu wa zamu asipokuwapo, hakuna anayeita majina, na mzigo wote humwangukia matroni na bawabu, ambaye naye, kwa kuhofia wanafunzi kutoroka, hushawishika kutia kufuli mlangoni. Jambo hilo lisifanyike hata usiku mmoja. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Hapakuwa na mgomo wakati huo. Funzo lake kuhusu kufuli, hata hivyo, ni lile lile. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Mgomo ukitangazwa, mwalimu mkuu apite bweni kwa bweni akihakikisha hayo mwenyewe, kisha amkabidhi mtu mmoja anayejulikana kwa jina daftari la kuhesabu wanafunzi kila jioni na kila alfajiri. Viranja wanaweza kusaidia kuhesabu, lakini wasiachiwe ulinzi, kwa maana nao ni watoto.

Wafanyakazi nao wana hofu yao. Walimu walioajiriwa na bodi, ambao hawalipwi na TSC, tume inayowaajiri walimu wa umma, mara nyingi huendelea kufundisha, na wenzao wanaogoma huzunguka shuleni kuwatoa madarasani. Ushauri wangu ni kwamba mwalimu mkuu azungumze mapema na katibu wa tawi la chama, wakubaliane kwamba mazungumzo yoyote yatafanyika langoni au ofisini, kamwe si mbele ya darasa. Mwalimu asilazimishwe kufundisha wala kugoma kwa vitisho. Polisi waitwe pale tu penye tishio la kweli, kwa sababu vitoa machozi vikirushwa karibu na uwanja wa shule, wanaoumia kwanza ni watoto.

Wanafunzi wa kutwa, hasa wadogo, huondoka nyumbani kabla ya redio kutangaza lolote. Mtoto aliyefika asifukuzwe langoni. Apewe mahali pa kukaa hadi mzazi apatikane.

Migomo mingine huwa mirefu. Ule wa mwaka 2015 ulichukua takriban wiki tano, na Serikali iliagiza shule zifungwe isipokuwa kwa watahiniwa. Kwa hiyo siku ya kurejea masomo, kabla ya kipindi cha kwanza, walimu wa madarasa walinganishe waliofika na daftari la zamani. Asiyeonekana afuatiliwe kwa mzazi wiki hiyo hiyo, na ikishukiwa kwamba ameozwa, ameajiriwa au anadhulumiwa, chifu na afisa wa watoto waarifiwe, au ipigwe simu ya watoto, nambari 116, ambayo haitozwi malipo.