Mfumuko wa bei ukishuka, unga haushuki bei

Kila mwisho wa mwezi Kenya hutangaziwa kiwango kipya cha mfumuko wa bei, na tarakimu ikiwa ndogo kuliko ya mwezi uliopita, taarifa ya saa moja jioni husema wananchi wamepata afueni. Mama aliyetoka dukani saa kumi na unga wa bei ileile ya jana huanza kumshuku mwenye duka. Mwenye duka hana kosa. Aliyekosea ni aliyeiandika habari.

Dhana: Mfumuko ukishuka, bei zimeshuka.

Mfumuko ni kasi ya bei kupanda, ikilinganishwa na mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Ukipungua, bei bado zinapanda, ila polepole. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 asilimia 6.9, Oktoba 2024 asilimia 2.7. Ukizisoma tarakimu hizo tatu peke yake utadhani maisha yanarudi yalikokuwa.

Sasa chukua kikapu cha bidhaa kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata kilifika 1,096, kisha karibu 1,172. Oktoba 2024, mwezi wa hiyo "afueni", kilikuwa karibu 1,203. Kibarua ambaye ujira wake haukuongezwa miaka hiyo mitatu, noti yake ya elfu moja ilinunua vitu vilivyokuwa vya shilingi 831. Hiyo ndiyo habari aliyostahili kupewa. Bei kwa jumla hushuka pale tu mfumuko unapokwenda chini ya sifuri.

Tena kikapu hicho ni cha wastani. Katika hesabu ya Kenya, chakula na vinywaji visivyo vya kilevi huchukua takriban 33 kati ya 100. Familia ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake huishia jikoni ina mfumuko wake yenyewe, na haiusikii redioni.

Dhana: Kodi ya mafuta iliongezwa kwa asilimia 8.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Hizo ni pointi 8 za asilimia. Kodi yenyewe iliongezeka maradufu, yaani kwa asilimia 100. Kwa kila shilingi 100 zilizotozwa kodi hiyo, mnunuzi aliyelipa 108 akaanza kulipa 116, nyongeza ya asilimia 7.4 mfukoni mwake. Anayetaka kuwasha hasira huchagua 100, anayetaka kutuliza huchagua 7.4. Mwandishi mwaminifu hueleza ni asilimia ya nini.

Dhana: Mwaka 2014 uchumi wa Kenya ulikua kwa robo nzima.

Septemba mwaka huo mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupimia uchumi, ulihamishwa kutoka 2001 hadi 2009, na pato la taifa likaonekana kubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi. Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati. Tanzania nayo ilibadilisha kizio chake mwaka huohuo. Kilichobadilika ni kipimo: shughuli zilizokuwapo tayari zikahesabiwa vizuri zaidi. Hakuna shamba lililotoa gunia la ziada usiku ule. Na kwa kuwa deni la serikali hupimwa dhidi ya pato la taifa, uwiano wake ulishuka siku hiyohiyo bila hata shilingi moja kulipwa.