Tenki Kubwa Halileti Presha, Jamani

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na watu watatu, wawili na swali lilelile: "Fundi, nikiweka tenki la lita elfu tano, si presha ya maji itapanda?" Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Ni mzee wa Moshono, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, na yeye hata hakuuliza. Alikuwa ameshanunua. Ameshusha la lita 2,000, amepandisha la 5,000 juu ya mnara uleule, na shawa bado inadondosha maji kama pua yenye mafua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hili tenki wamenibambikia."

Hawakumbambikia. Tenki ni zima. Miaka yote ninayofunga mabomba Arusha hii, kuanzia Sakina mpaka Njiro, neno hili sijawahi kupumzika nalo, kwa hiyo leo naliandika, na atakayenipigia tena nitamtumia linki.

Maji yanayoshuka yenyewe kutoka tenkini yanapata presha kutokana na kimo tu: kutoka uso wa maji ndani ya tenki hadi pale yanapotokea. Kila mita moja ni karibu baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Mita kumi, baa moja. Lita hazimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kama huniamini, chukua ndoo ya lita 20 na chupa ya lita moja na nusu iliyo wazi juu. Zitoboe kwa msumari mmoja, matundu yawe kimo kimoja kutoka mezani, na maji yasimame sentimita 15 juu ya tundu, uziweke juu ya meza moja. Maji yataruka umbali uleule. Ndoo haijui kwamba ni ndoo.

Kaukweli kadogo kapo, na ndiko kanakowapoteza watu. Tenki kubwa mara nyingi ni refu kuliko dogo, kwa hiyo likijaa unapata labda nusu mita zaidi. Hiyo ni baa 0.05. Umetoa pesa ya ng'ombe kwa baa 0.05, na mgao ukibana, tenki likibaki robo, nayo imeondoka.

Tufanye hesabu ya mzee. Sakafu na uwanja viko usawa mmoja. Mnara ni mita 3, shawa iko mita 2.1. Tenki likikaribia kuisha, kimo kinachobaki ni sentimita 90, urefu wa kaunta ya jikoni. Na yeye ana shawa ya umeme. Shawa hizi zina kiwambo ndani kinachosubiri kusukumwa na maji ndipo umeme uwake, na ukisoma karatasi ya kwenye boksi (hakuna anayeisoma) utakuta imeandikwa presha ya chini inayohitajika. Mzee alikuwa amebadilisha shawa mbili akidhani zimeungua.

Mnara ukiwa wa mita 6, kimo juu ya shawa kinakuwa mita 3.9. Zaidi ya mara nne. Hapo mteja anafurahi, anadhani maji yataongezeka mara nne. Hapana, yataongezeka kama mara mbili, kwa sababu kadiri maji yanavyokwenda mbio ndivyo bomba linavyoyakaba. Ila mara mbili ya shawa mbovu ni shawa ya kuogea.

Halafu kuna wale wa kidole. Hawa ndio wananipandisha presha mimi mwenyewe.

"Fundi, ukibana mpira wa kumwagilia kwa kidole si maji yanaruka mbali? Basi tuweke bomba jembamba, presha iongezeke." Nimeambiwa hivi na mtu mwenye digrii. Sikiliza. Ukibana mdomo wa mpira, maji yanayopita yanapungua. Yakipungua, msuguano ndani ya mpira mzima nao unapungua, na presha iliyokuwa ikiliwa njiani inafika mpaka mwisho, inatokea kwenye upenyo kwa kasi. Umepata kasi, umepoteza maji. Jaza ndoo kwa mpira uliobanwa, ujaze tena kwa mpira ulioachiwa, shika saa, uniambie ipi imejaa kwanza. Kidole kiko mwisho tu. Bomba jembamba ni kidole kilichobana mita ishirini zote, kuanzia tenkini. Presha unayoitafuta italiwa kabla haijafika bafuni. Bomba pana halitengenezi presha hata chembe, ila haliili iliyopo. Na tofauti si ndogo: ukiongeza upana wa tundu mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka zaidi ya mara nne.

Sasa njoo dukani. Bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa, la 20 wauzaji wanaliita nusu inchi. Hiyo 20 ni milimita za nje! Lile la PN20, aina yenye ukuta mnene, lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu linabaki milimita 13.2. Nusu inchi ya chuma, ile ya zamani, tundu lake ni kama milimita 16. Mtu anang'oa mabomba ya chuma, anaweka PPR ya "saizi ileile", kisha ananiambia maji ya siku hizi hayana nguvu. Kwenye maji ya tenki mimi nashuka na inchi moja au robo tatu hadi karibu na bafu, 20 inakuja mwishoni kabisa. Fundi akikwambia 20 inatosha nyumba nzima, muulize kama ni pesa yako anayookoa au ni mgongo wake.

Na huyo fundi mtazame anavyochoma viungo. Bomba la 20 linataka sekunde 5 kwenye joto la digrii 260. Akipitiliza, au akisukuma kwa hasira, plastiki inayeyukia ndani na kuziba. Nimewahi kukata elbo (kiungo cha kona) huko Kijenge, kalamu haikupita. Nje ilikuwa safi, unaweza kuipiga picha.

Hapa nami nikiri. Majedwali ya vitabuni ya kupotea kwa presha yanadhani bomba ni jipya na kila kiungo kimechomwa sawasawa. Saiti mimi nakisia: naongeza theluthi, nafungua koki, naomba Mungu. Na kuna hewa. Bomba likipanda juu ya dari kisha likashuka, hewa inajikusanya pale juu, na kwa presha ndogo kama hizi maji yanashindwa kuisukuma. Kuna nyumba nimepuliza bomba kwa mdomo, nikagonga ukuta, nikafungua koki zote, maji yakaja, nikachukua hela yangu. Ukiniuliza hewa ilikuwa imekaa kona ipi hasa, nitakudanganya tu.

Mengine haraka, maana nayo hayaishi. Bomba la baridi kutoa maji ya moto mchana, hasa kwa watu wa Moshi mnaopikwa na joto kuliko sisi: bomba lako liko juu ya bati au limefukiwa kidole kimoja. Lifukie vizuri. PPR ya kawaida isikae juani, inapauka na kupasuka. Tenki jeusi ni jeusi ili mwanga usiingie na ukijani usiote, lakini ukilipaka rangi nyeupe kwa nje halitaharibika. Sola ya maji ya moto: tenki la baridi lazima liwe juu yake, usinibishie. Na hapana, kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, na watoto wanaendelea kuota meno ya kahawia.

Kabla hujajenga mnara, tazama kiwanja chako. Arusha ni mteremko, Mlima Meru umekupa mita za bure. Watu wanaweka tenki nyuma ya jiko, kona ya chini, ili lisionekane na wageni, kisha wanalipia vyuma vya mnara. Liweke kona ya juu, uteremshe bomba la inchi moja. Na ukijenga, kumbuka lita 5,000 ni tani tano. Fundi wa kuchomelea mageti asikuchoree mnara wa tani tano kwenye karatasi ya sigara.

Mzee wa Moshono mnara wake usingeweza kuongezwa kimo na tani tano juu yake, nami sikutaka kulala nikiwaza wajukuu wanaocheza pale chini. Tulishusha lile kubwa, likawekwa ardhini kuwa akiba ya siku za mgao. Mnara ukaongezwa mita mbili na nusu, juu likarudi lile la zamani la lita 2,000, na pampu ndogo inalijaza ikisimamishwa na floti, boya linalozima pampu tenki likijaa. Shawa imewaka siku hiyohiyo.

Jana jirani yake kanipigia. Anataka kuuza tenki lake la lita 3,000 anunue la 2,000, maana mzee amewaambia mtaa mzima kwamba tenki dogo ndilo lenye presha.