Karatasi ya kura: kabla ya kumlaumu mpiga kura

Kila matokeo yakitangazwa na kura zilizoharibika kutajwa, utasikia: "Watu wetu hawajui kusoma." Mimi hutaka kwanza kuiona karatasi yenyewe.

Chukua kaunti ya Palm Beach, Florida, mwaka 2000. Msimamizi wa uchaguzi aliwafikiria wazee, akakuza maandishi. Majina ya wagombea urais hayakutosha tena ukurasa mmoja, akayagawa kushoto na kulia, na matundu ambayo mpiga kura hutoboa ili kuchagua yakakaa katikati. Sasa fuata kwa kidole: jina la pili kushoto ni Al Gore, lakini tundu la pili ni la Pat Buchanan, aliyeandikwa juu kulia. La Gore ni la tatu. Karatasi zaidi ya 19,000 zilitobolewa kwa zaidi ya mgombea mmoja, hazikuhesabiwa. Buchanan akapata kura zaidi ya 3,400, na mwenyewe alikiri hadharani kuwa nyingi huenda hazikuwa zake. George W. Bush, mpinzani mkuu wa Gore, alishinda jimbo zima kwa kura 537.

Waliokosea pale walijua kusoma. Herufi kubwa ni jambo jema, lakini jina, picha na kisanduku cha kuwekea alama ya vema lazima vikae kwenye mstari mmoja, na mgombea mmoja atenganishwe na mwenzake kwa mstari unaoonekana hata na aliyesahau miwani nyumbani. Kisha wapewe wazee wenyewe waijaribu karatasi kabla mtambo wa kuchapa haujawashwa.

"Karatasi ikiwa na alama za siri kama noti, kura haiibiki." Hii nayo imeenea sana. Alama ya maji na maandishi madogo yasiyonakilika humzuia mwenye karatasi bandia. Hayamzuii anayetumbukiza karatasi halali kumi kwa mpigo. Huyo hukamatwa na hesabu: karatasi zilizopokelewa kituoni zilingane na jumla ya zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki, mawakala wakishuhudia. Wala alama za siri hazirekebishi kosa la uchapaji. Karatasi za Kenya za 2022 zilichapwa Ugiriki zikiwa na ulinzi wake wote, lakini za ugavana wa Mombasa na Kakamega zikaja na picha zisizo sahihi. Kura iliyokuwa ipigwe Agosti 9 ikasogezwa hadi Agosti 29. Kukagua nakala ya mwisho, picha kwa picha, wagombea wakiwepo, ni ulinzi pia.

Kuhusu namba inayochapwa kwenye karatasi na kishina chake, yaani kipande kinachobaki karatasi ikichanwa, wengi huogopa kwamba itafichua nani kampigia nani. Kazi yake ni kuhesabu karatasi. Siri huwa hatarini pale tu namba hiyo inapoandikwa pamoja na namba ya mpiga kura, kama inavyofanyika Uingereza, na hata huko ni kwa amri ya mahakama tu ndipo zinaweza kulinganishwa.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Asiyeona lazima apigiwe na mtu." Si lazima. Tanzania na Afrika Kusini zimetumia jalada lenye nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Karatasi huingizwa ndani yake, na kila mgombea ana dirisha lake lililokatwa pembeni. Mpiga kura hupapasa akihesabu, moja, mbili, tatu, huweka alama ndani ya dirisha analolitaka, huchomoa karatasi na kuikunja, peke yake ndani ya kituturi.

Ila jalada hilo linategemea mpangilio usiobadilika. Afrika Kusini mwaka 1994, chama cha Inkatha kilikubali kushiriki wiki moja tu kabla ya uchaguzi, karatasi zikiwa zimeshachapwa, kikabandikwa kwa stika chini kabisa ya orodha. Hakuna chama kingine kilichohama nafasi yake. Mgombea akiondolewa dakika za mwisho na safu zikapandishwa juu, majalada nayo yapangwe upya na wapiga kura waambiwe mapema, la sivyo dirisha la tatu linakuwa la mtu mwingine.