Je, wajua? Mjane harithi ile nusu ya nyumba, ilikuwa yake tangu zamani

Bwana akikufa, nyumba inabaki ya nani? Uliza swali hili kwenye komini za Katuba, Kenya au Ruashi, hapa Lubumbashi, utapata majibu matatu na kila mtu atajibu kwa sauti ya uhakika. Wa kwanza atasema nyumba ni ya jamaa ya bwana, bibi alikuja na sanduku lake na atatoka nalo. Wa pili atasema ni ya watoto, basi, mambo yameisha. Wa tatu ni yule aliyesoma kidogo, au shemeji yake anafanya kazi karibu na tribinali, huyo atakuambia sheria ya Congo inampa mjane sehemu 1 kati ya 12. Kati ya hao watatu mimi namuogopa zaidi huyu wa mwisho, ju anachosema kimo kweli kwenye sheria, ila ni mwisho wa hesabu, na mwanzo wa hesabu ameuruka wote.

Historia tuipite haraka. Zamani urithi uliendeshwa na desturi za kila kabila, na hapa Katanga desturi hazifanani: kwa Babemba na Balamba mali inafuata upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada ndiye anakuja kuchukua, kwa Baluba wa Katanga inafuata upande wa baba. Ikaja Kode ya Familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, ikaanza kutumika Agosti 1988, halafu ikarekebishwa Julai 2016. Kode inasema mgawo ni mmoja kwa wote, uwe Mubemba, uwe Muluba, uwe umezaliwa Kinshasa. Lakini desturi haisomi gazeti la serikali, kwa hiyo mpaka leo siku ya tatu ya kilio, viti vya plastiki bado viko mu parseli (kiwanja cha nyumba), utamuona mzee mmoja wa jamaa na kaye yake ya shule anaandika: televizyo 1, frij 1, jenereta 1, funguo za gari ziko wapi? Na mama wa watu amekaa chini kwenye mkeka, hakuna anayemuuliza kitu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ju hapa ndipo watu wanapotea.

Watu wanafikiri kifo kinafungua swali moja tu, nani anarithi. Kumbe maswali ni mawili na yana mpangilio wake. La kwanza: katika vitu hivi vyote tunavyoviona, vipi vilikuwa vya marehemu? La pili: vile vya marehemu tunavigawa namna gani? Ile sehemu 1 kati ya 12 ni jibu la swali la pili. Ukiipeleka kwenye swali la kwanza, umemnyang'anya mtu mali yake na sheria ukiwa umeishika mkononi.

Chukua wamama wawili wanauza makala, yaani mkaa wa kupikia. Waliweka pesa pamoja, wakaagiza magunia 40, yako yamepangwa kwenye depo moja, na risiti imeandikwa jina la mmoja tu ju siku ile mwenzake alikuwa amebaki na mtoto mgonjwa. Yule mwenye jina kwenye risiti anakufa. Jamaa yake inakuja kwenye depo, inahesabu magunia 40, inasema haya ni ya dada yetu, jina lake ndilo liko hapa. Kila mtu kwenye soko atapiga kelele: hapana, magunia 20 ni ya huyu aliye hai! Nyinyi gaweni 20 ya dada yenu. Na huyu aliye hai akichukua magunia yake 20, hakuna atakayesema "amerithi". Hajarithi kitu, amebeba makala yake. Sasa ongeza jambo moja dogo: tuseme yule marehemu alikuwa ameacha neno kwamba katika magunia yake 20, mwenzake apewe moja kama kumbukumbu. Hilo moja ndilo urithi. Mwenzake anatoka na 21, na ni mjinga tu wa hesabu atakayesema fungu lake lilikuwa gunia moja.

Ndoa ya sheria inafanya kazi hivyohivyo. Siku mnafunga ndoa ku komini mnatakiwa kuchagua rejime ya mali, na ziko tatu: kila mtu na vyake, kuchanganya vyote, au ile ya kati ambayo mnachanganya vile mlivyopata baada ya kuoana. Wengi hawakumbuki walichagua nini, na wengine hawakuchagua kitu, walikuwa wanafikiria mpiga picha yuko wapi. Hakuna shida, sheria imewafikiria: msipochagua, mnawekwa moja kwa moja kwenye ile ya kati. Maana yake parseli mliyonunua mkiwa mmeoana, gari, ile depo ya sementi, ni vyenu wawili nusu kwa nusu, hata kama mshahara ulikuwa wa bwana peke yake na bibi alikuwa anapika na kulea, hata kama makaratasi yote yako kwa jina la bwana. Anayesema kitu fulani si cha wote ndiye anatakiwa kuleta ushahidi.

Nje ya mchanganyiko huo vinabaki vile mtu alivyokuja navyo kabla ya ndoa, na vile alivyorithi au kupewa yeye binafsi. Shamba ambalo bwana aliachiwa na baba yake halina nusu ya bibi, linaingia lote kwenye urithi. Na kama mlichagua kila mtu na vyake, basi hesabu yote hii inageuka, jina kwenye karatasi linakuwa na nguvu kweli.

Tufanye hesabu kwa dola, ju nyumba hapa tunazihesabu kwa dola. Bwana na bibi, rejime ile ya kati, mali waliyopata pamoja ina thamani ya dola 24 000 na madeni yamekwisha kulipwa. Kwanza bibi anatoa nusu yake, 12 000. Hapo hatujagusa urithi. Zinazobaki, 12 000, ndizo za marehemu. Watoto wanachukua robo tatu, yaani 9 000, na wakiwa wanne kila mmoja ana 2 250, msichana sawa na mvulana, kifunga mimba sawa na kifungua mimba. Robo iliyobaki, 3 000, inagawiwa vikundi vitatu: bibi aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na kaka na dada zake. Kila kikundi 1 000. Hiyo 1 000 ndiyo ile sehemu 1 kati ya 12 maarufu. Bibi anatoka na 13 000, na aliyekuambia fungu lake ni 1 kati ya 12 ya yote alikuwa anampa 2 000.

Mgawo huu una vituko vyake na mimi navipenda, acha niseme ukweli. Kikundi cha kaka na dada ni kikundi kimoja hata wakiwa kumi na wawili, kwa hiyo ule ukoo mzima uliojaza basi kutoka Likasi kuja kwenye kilio unaweza kukuta unagombania dola 1 000 ambazo zitagawanywa mpaka zitoshe nauli ya kurudi. Kikundi kimoja kikikosa, kwa mfano wazazi walishatangulia, mafungu ya wengine yanabadilika, kwa hiyo usishike namba zangu kama amri. Mtoto wa dada anaingia tu kama mama yake, yule dada wa marehemu, amekufa na yeye anashika nafasi yake, na hata hapo anaingia kwenye fungu la kaka na dada, hapati fungu lake mwenyewe. Wajomba na shangazi wa marehemu wako kwenye daraja la tatu, na daraja hilo linasubiri nje madaraja mawili ya kwanza, yaani watoto na vile vikundi vitatu, yakiwa na watu.

Halafu kuna bibi wa pili, biro ya pili kama tunavyoita. Sheria inatambua ndoa moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo yeye kama bibi hana fungu. Lakini watoto wake, kama baba aliwatambua kwa sheria akiwa hai, wana haki sawasawa na wa nyumba kubwa, dola kwa dola. Watu wengi wanashangaa hapa, wanaume zaidi.

Na nyumba ya kulala? Hapa Kode inaongeza kitu ambacho mzee wa kaye hakiandiki kamwe: aliyebaki ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake, hata kama sehemu kubwa ya ile nyumba kwa hesabu ni ya watoto. Anaitumia bila kuwa na ruhusa ya kuiuza. Haki hiyo inaweza kuisha akiolewa tena, ndiyo maana utasikia jamaa nyingine zinafuatilia sana wageni wa mama mjane, si kwa upendo. Na hizi pesa za CNSS, ule mfuko wa pensheni wa serikali, pensheni ya mjane na yatima, zina sheria yake nyingine, hazipiti kwenye mgawo huu, kwa hiyo yule anayetaka kuziingiza kwenye kaye mwambie afute huo mstari.

Na vyote nilivyosema juu ya bibi, bwana akifiwa na bibi yake ni vilevile, nusu kwanza halafu mgawo.

Jambo linaloweza kuangusha hesabu yote ni karatasi ya ndoa. Dote (mahari) ilitolewa, mbuzi alichinjwa, picha ziko, na kanisani mliingia na vela, lakini ku komini hamkufika. Ndoa ya kanisa peke yake mbele ya sheria haitoshi. Ndoa iliyofanywa katika jamaa sheria inaitambua, ila ilitakiwa iandikishwe, na kwa watu wa nje inahesabika kuanzia ilipoandikishwa. Jamaa ya bwana inalijua hilo vizuri sana, utashangaa watu walioipeleka dote yako wenyewe wanavyosahau siku hiyo. Na wale "tumeishi miaka kumi, sasa ni ndoa", hapana, kuishi pamoja miaka mingi hakuzai ndoa peke yake, hata ikifika thelathini.

Basi ni lini unahitaji avoka, yaani wakili? Si kila kilio kinahitaji. Kama ndoa iliandikishwa, watoto ni watu wazima, mnaelewana, jamaa inakaa, inaandika makubaliano, inaonyesha likidateri, yule wa kusimamia mgawo (sheria inaanza na mrithi mkubwa kwa umri, akikataa warithi wanachagua mwingine), mnaenda tribinali kuweka mambo sawa, mnabadilisha makaratasi ya parseli. Pole pole, lakini inawezekana.

Nenda kwa avoka mapema, na nikisema mapema ni kabla ya kuweka sahihi yoyote, kama karatasi ya ndoa haipo, maana yeye ndiye anajua namna ya kuomba tribinali itoe hukumu inayoshika nafasi ya akti (cheti) iliyokosekana. Nenda kama kuna watoto wadogo na mtu anataka kuwasimamia kwa kuanza na mali yao. Nenda kama kuna mtoto wa nje ambaye utambulisho wake unabishaniwa, uwe upande wowote. Na kimbia, usitembee, ukisikia kuna mtu analeta wateja kuangalia parseli, kwa sababu sheria ya ardhi ya 1973 inalinda sana mwenye sertifika ya parseli, ikishapita miaka 2 kuiangusha ni kazi ngumu, inabaki kuonyesha kwamba ilipatikana kwa ujanja au makosa. Mjane anayesema "nitasubiri machozi yakauke" anaweza kukuta saa ilikuwa inatembea.

Kuhusu pesa, watu wanaogopa avoka kama wanavyoogopa hospitali ya wakubwa. Baro zetu, vile vyama vya maavoka, zina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, ile wanaita BCG, utaombwa kuonyesha kwamba kweli huna. Kuna pia watetezi wa mahakama ambao si maavoka kamili, wao wanaruhusiwa kusimama kwenye tribinali za chini kama ya pe (ya amani), na ugomvi mwingi wa jamaa na urithi unaanzia hapohapo kwenye tribinali ya pe, kama ile ya Kamalondo. Uliza bei mbele, uliza risiti, na yule anayekuambia "hii kesi nimeshaongea na jaji" mwachie kiti chake.

Beba akti ya ndoa, akti ya kifo, akti za kuzaliwa za watoto wote, makaratasi ya parseli, na ile kaye ya mzee kama umeweza kuipiga picha. Kopi ndizo za kuacha. Orijino rudi nazo nyumbani, na usiziweke kwenye kabati ambalo funguo yake anayo shemeji.