Kabla hujamshika nyoka, pima boksi lake

Wadau wengi wakisikia naendesha mafunzo ya vitendo kwa walezi wa nyoka, kobe, kinyonga na vyura hapa Arusha wanajua tunafundishana kukamata tu. Kukamata kupo, ila kunakuja mchana, asubuhi yote hakuna anayegusa mnyama. Kila mtu anapewa themomita, ile ya bastola tuliyopimwa nayo mageti yote kipindi cha Korona, anapima chini ya taa, kona ya mbali, juu ya jiwe, ndani ya maficho, anaandika. Hapo ndo watu wanashtuka, maana boksi moja linaweza kusoma 38 chini ya balbu na 19 kwenye kona, na mwenyewe anasema mi taa naweka, joto lipo.

Nang'ang'ania hili kwa sababu wanyama hawa hawatengenezi joto mwilini kama sisi, wanalitafuta nje, na bila hilo joto chakula hakisagiki na mwili haupambani na magonjwa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Julai alfajiri mtu hatoki bila sweta. Sasa chatu amelishwa panya jioni, usiku umeme ukakatika, panya anaanza kuozea tumboni, baada ya siku chache anatapikwa na mlezi anakimbilia duka la dawa za mifugo kutafuta antibayotiki. Dawa ya nini jamani? Pasha boksi kwanza! Na kama umeme wa kwenu hautabiriki, kipindi cha baridi usimlishe mpaka joto litulie, chatu mzima mwenye afya anakaa wiki nyingi bila kula na hapati shida. Ila upande mmoja wa boksi ubaki wa ubaridi, awe na pa kukimbilia akizidiwa na joto.

Mwanga nao una mambo yake. Kobe na kinyonga wanahitaji miale ya UVB, ile isiyoonekana iliyomo kwenye jua, ili mwili utengeneze vitamini D3, ikikosekana kalsiamu wanayokula haifyonzwi vizuri, mifupa inalainika, taya linabonyea kama mpira. Kioo cha dirisha kinazuia karibu miale hiyo yote, kwa hiyo kinyonga wa dirishani anapata joto tu basi. Na sisi tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua la bure hilo hapo nje, mtoe kwenye kizimba cha wavu chenye majani ya kivuli na maji ya kunyunyiza.

Kuhusu kobe kuna kitu kinaniuma sana. Mtu anamtoboa gamba apitishe waya asipotee! Gamba ni mfupa hai, lina damu na neva, anasikia maumivu kama wewe ukitobolewa. Jenga uzio. Na ugali, mkate na ndizi acheni, yule kobe mkubwa wa porini kwetu chakula chake ni nyasi na magugu. Halafu kibali, wanyamapori kisheria ni mali ya umma, huokoti kobe barabarani ukaenda kufuga.

Mchana ndo fimbo ya ndoano, ya kumwinulia nyoka. Tunaanza na kipande cha mpira wa maji, mpaka mkono uzoee kubeba uzito bila kubana, ndo anakuja chatu mdogo. Kifutu, swila na koboko hawaletwi kwa mtu anayeanza, hata aombe vipi. Mate ya swila yakiingia machoni, osha na maji mengi muda huohuo kisha hospitali. Ukiumwa na nyoka usifunge kamba, usichanje, tulia, kiungo kisitikiswe, hospitali haraka.

Vyura ndo wanaodharauliwa zaidi. Ngozi yao inapitisha maji na hewa, kwa hiyo losheni na sabuni ya mkononi mwako vinaingia mwilini mwake. Glavu zisizo na poda, zilowanishwe, na maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye ndoo wazi angalau siku nzima. Kuna na fangasi wa ngozi anayeua vyura dunia nzima, alikutwa mpaka kwa vyura wetu wa Kihansi, lile bonde la milima ya Udzungwa, walipokufa kwa wingi 2003. Wale wapo mpaka leo kwa sababu 2000 walikusanywa 499 wakapelekwa Marekani kulelewa, 2009 porini wakatangazwa wametoweka, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Kazi ya walezi hiyo, watu wa kupima unyevu na kuhesabu vidudu vya chakula kila siku.

Fangasi huyo anasafiri na matope na maji, ndo maana kipindi cha vyura buti zinasuguliwa, zinaoshwa na dawa na kukaushwa kabisa, ukiingia na ukitoka. Na ndo maana tunaomba mnyama wako umwache nyumbani, njoo na video zake na picha za kinyesi chake, vinatosha.