Usingizi wa mbegu ni nini, na kwa nini mbegu hai hugoma kuota

Mbegu iliyolala ni mbegu hai, nzima na iliyokomaa, ambayo haioti hata ikipata maji, hewa na joto la kutosha. Hapo ndipo inapotofautiana na mbegu iliyokaa tu ghalani. Punje ya mahindi iliyo kavu inasubiri maji. Iloweke, na baada ya siku chache imechipua. Mbegu iliyolala imeshakunywa maji na bado haitoki. Ina sharti lake, na asiyelijua sharti hilo huimwaga jalalani akidhani imekufa.

Anayelima mazao tu anaweza asikutane sana na hali hii. Kwa maelfu ya miaka binadamu amekuwa akichagua mbegu zinazoota upesi na kwa pamoja, na usingizi ukapungua kizazi baada ya kizazi. Maua ya mwituni hayakuchaguliwa hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye mkono mzuri wa mboga anaweza kusia mbegu za ua la mbugani, akamwagilia kwa bidii, na asione hata jani.

Chukua Asclepias tuberosa, ua la rangi ya machungwa linalomea lenyewe kwenye nyanda za nyasi za mashariki na kati ya Amerika ya Kaskazini. Ni mmea wa kudumu: mashina hufa kila majira ya baridi, mzizi hubaki ardhini, na machipukizi hutoka palepale mwaka unaofuata. Watu hulipanda kwa ajili ya nyuki na vipepeo, na viwavi wa kipepeo monaki hutegemea majani ya mimea ya ukoo huu ili waishi. Maganda yake hupasuka vuli, yaani majira yanayotangulia baridi, na upepo huzibeba mbegu zikining'inia kwenye nyuzi laini kama hariri. Sasa fikiria mbegu hiyo ingeota mara tu inapogusa udongo wenye unyevu. Mche wa wiki mbili ungekutana na barafu na kufa. Kwa hiyo mbegu haikubali kuamka mpaka ipitiwe na wiki kadhaa za baridi. Siku mbili tatu za jua katikati ya baridi hazitoshi kuidanganya.

Ndani ya mbegu kinachofanya kazi ni uwiano wa homoni. Asidi ya absisiki hukizuia kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya mbegu, kisikue, na jiberelini hukisukuma kikue. Baridi yenye unyevu hupunguza nguvu ya ile ya kwanza na kuipa nafasi ya pili. Ningependa msomaji aliweke akilini neno hilo, unyevu. Wengi huweka pakiti ya mbegu kavu kwenye friji wakiamini wanazipa majira ya baridi, kumbe wanazihifadhi tu. Baridi kavu hurefusha maisha ya mbegu. Inayoziamsha ni baridi ya majimaji.

Si kila usingizi ni wa namna hii. Mbegu za lupini na nyingine nyingi za jamii ya kunde zina ganda gumu lisilopitisha maji. Hizo husuguliwa kidogo kwa msasa ili maji yaingie. Nyingine, hasa zile ndogo kama vumbi, hutaka mwanga, na ukizifukia hazitoki.

Kwa Asclepias, njia nyepesi ni kusia nje vuli na kuyaachia majira ya baridi kazi yake. Pasipo na baridi ya kutosha, au unapotaka kuhakikisha, tumia friji. Changanya mbegu na mchanga safi uliolowa, lakini usiochuruzika: ukiukamua mkononi ushikamane bila kudondosha maji. Tia kwenye mfuko wa plastiki, andika jina na tarehe, uweke mahali penye nyuzijoto kati ya 1 na 5 kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Usigandishe. Chungulia mara kwa mara. Ukiona ncha nyeupe ya mzizi imetokeza kwenye ganda la kahawia, usingoje tarehe uliyopanga. Sia siku hiyohiyo, kina cha nusu sentimita hivi, mahali penye joto na mwanga.

Hata hapo hazitatoka zote pamoja, nazo hazina kosa. Mmea ambao mbegu zake zote huamka siku moja unaweza kupoteza kizazi kizima kwa ukame mmoja. Kuna mbegu zinazovumilia kupita kiasi: mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani, na chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilitoa miche, yote ya Verbascum, mmea wa mwituni. Kwa hiyo usikimbilie kumwaga udongo wa kitalu. Uache msimu mwingine.

Mche ukishatoka, utaonekana kama umedumaa. Nguvu zake zinakwenda chini, kwenye mzizi mkuu mnene unaochimba kina kirefu. Tumia chombo kirefu, uhamishe mche ungali mdogo, kisha usiung'oe tena. Palilia sana mwaka wa kwanza, maana magugu huufunika upesi. Mbolea usitie, kwani itanenepesha nyasi zilizozunguka kuliko ua lenyewe. Maua kwa kawaida huja mwaka wa pili au wa tatu. Weka kijiti pale ulipopanda, kwa sababu mmea huu huchelewa kuchomoza baada ya baridi na jembe huukata ukiwa bado chini.

Na panda kadhaa karibu karibu. Chavua ya ua hili haitoki kama unga. Imefungwa kwenye vifuko viwili viwili vilivyounganishwa na kibanio kidogo cheusi. Nyuki anapokanyaga ua akitafuta nekta, mguu wake huteleza kwenye ufa mwembamba, na akiuvuta hutoka na vifuko vimening'inia. Vikipachikwa kwenye ua la mmea uleule, mara nyingi hakuna mbegu itakayotunga. Mmea mmoja peke yake utawalisha wadudu vizuri tu, lakini ukitaka maganda yenye mbegu, mzizi mmoja hautoshi.